Mahari ya Zahanati

Ng'ombe wakiingia zizini kwa mzee mwenye binti, Usukumani hakuna anayeuliza wamefuata nini. Watu huanza kuosha masufuria. Klara alilijua hilo tangu utotoni, maana alizaliwa na kukulia Didia, lakini akalisahau katika wiki ile moja ambayo hakupaswa kulisahau. Ndipo yakampata yaliyompata.

Alikuwa na miaka thelathini na minane, hajaolewa, na kazi yake ilikuwa mhudumu wa afya wa jamii. Kila Jumamosi, siku ya mnada, yeye na Nesi Mariana wa zahanati walipakia meza kwenye pikipiki na kwenda kuitandaza pembeni mwa uwanja. Mezani palikuwa na vipimo vya virusi vya UKIMWI, maboksi ya kondomu, dawa kinga kwa wale ambao hawajaambukizwa lakini wanajijua wako hatarini, na dawa za kufubaza virusi, za mwezi mzima, kwa wale wasiopenda kuonekana zahanati. Madalali wa ng'ombe walipita, mama ntilie walipita, vijana waliorudi kusalimia wazazi kutoka machimbo ya Rwamgasa walipita. Wengine walipita mara tatu wakijifanya wanatafuta mbuzi aliyepotea, mara ya nne wakakaa.

Mafuta ya pikipiki na posho ya nesi vililipwa na mradi wa wafadhili. Mwaka huo wafadhili wakafunga mkoba wao wakaaga kwa barua nzuri. Dawa na vipimo viliendelea kufika zahanati, hilo Serikali ililisimamia. Ila kutoka zahanati hadi mnadani ni kilomita saba, na kilomita saba hizo hazikuwa na mwenyewe.

Klara alikuwa na sababu yake ya kuzililia. Mdogo wake, Selestine, alirudi kutoka machimboni amekonda, akapima siku ambayo kupima kulikuwa kumechelewa. Enzi hizo hapakuwa na meza mnadani. Klara hakulisema mbele za watu. Alilitaja kwenye sala tu, kila jioni, akipiga magoti kando ya kitanda chake cha kamba.

Kijiji kikaita mkutano. Mwenyekiti, Bwana Deusdedit, akapendekeza watu wachange fedha. Watu wakaangalia viatu vyao.

"Fedha zina miguu," akasema mzee mmoja.

"Na ng'ombe je? Ana miguu minne!"

"Ndiyo, lakini yeye akitembea anaonekana."

Hapo mkutano ukachangamka. Klara akasimama, akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Sisi tuna ngitili. Mvua ikinyesha tunafunga sehemu ya malisho, hakuna kuingiza hata ndama, ili kiangazi kikija ng'ombe wasife. Kama tunaweza kuwawekea ng'ombe akiba ya majani, tutashindwaje kujiwekea akiba ya kinga? Wafadhili walikuwa mvua. Sasa ni kiangazi."

Wakampigia makofi mpaka akasahau kukaa. Ikapitishwa: kila kitongoji, na vilikuwa sita, kitoe ng'ombe jike mmoja. Vijana wa Didia walioko Rwamgasa wakapigiwa simu, wakaahidi dume. Ng'ombe saba hao wangelishwa katika ngitili ya kijiji, maziwa yakauzwa kwenye hoteli za barabarani, madume yatakayozaliwa yakauzwa mnadani, na pikipiki ya Nesi Mariana isingelala njaa tena. Halmashauri nayo ikasema itaweka mkono wake kutoka mapato ya ndani, kiasi sawa na cha kijiji, kwa sharti moja: mratibu wa UKIMWI, Bwana Eustace, afike Jumamosi saa nne asubuhi awaone ng'ombe saba kwa macho yake. Wakiwa saba, mpango unaingia kwenye bajeti. Wakiwa pungufu, mpango unasubiri mwaka ujao. Na mwaka ujao ni mbali sana kwa mtu ambaye kondomu zimemwishia leo.

Shida ilikuwa mahali pa kuwalaza. Usiku wa kwanza walilazwa zahanati. Asubuhi wakakutwa wamekula maua yote ya uzio, pazia la dirisha moja, na nusu ya daftari la wageni. Nesi Mariana akasema ama wao ama yeye. Kwa hiyo wakahamishiwa kwenye zizi la Mzee Luka, baba yake Klara, ambalo lilikuwa kubwa na lenye miiba mizuri.

Na hapo ndipo Klara aliposahau.

Mama yake hakuwepo siku zote hizo. Alikuwa Tinde kwa wiki tatu akimuuguza dada yake, huko ambako, kama Didia, simu inashika ukipanda juu ya kichuguu tu, na Mama Klara si mtu wa kupanda vichuguu. Alirudi Alhamisi saa tisa mchana akiwa na furushi la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani. Akakuta zizini ng'ombe sita wageni, wanene. Kabla hajatua furushi, akamwona mwanamume asiyemjua anakuja kutoka barabarani. Amevaa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, na mkononi ameshika kamba. Mwisho wa kamba alikuwepo dume jeusi lenye nundu kama gunia la pamba, na kwenye pembe zake limefungwa utepe mwekundu.

Michembe ikaanguka. Mama Klara akapiga kigelegele ambacho watu waliokuwa wakifua mtoni walikisikia, wakaacha nguo.

Mwanamume huyo aliitwa Mwita, Mkurya wa Tarime, mwenye mashine ya kusagia mawe ya dhahabu kule Rwamgasa. Vijana wa Didia walimtuma yeye kwa kuwa anajua ng'ombe, na kwa kuwa alikuwa na safari ya Shinyanga kutafuta vipuri. Utepe waliufunga wao, kwa furaha. Suti aliivaa kwa kuwa waliambiwa kuna mtu wa halmashauri anakuja, na Mwita hakuwa na uhakika ni siku gani.

"Karibu, baba, karibu!" akasema Mama Klara, akipiga magoti kumpokea.

"Shikamoo, mama," akasema Mwita.

"Usiniamkie hivyo tu, niite mkwe!"

Mwita alikuwa amesafiri kwenye lori la Fuso usiku kucha akishikilia dume lisianguke. Alidhani ni desturi ya Wasukuma. "Shikamoo, mkwe," akasema.

Klara alikuta hali hiyo aliporudi kutoka kisimani. "Mama, hawa ni ng'ombe wa zahanati," akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Kweli, mama. Ni wa kinga. Wa kulipia mafuta ya pikipiki."

"Ndiyo, ndiyo. Hata mimi baba yako alipoleta wake nilisema ni wa jirani. Binti mwenye malezi hakubali siku ya kwanza." Na Mama Klara akamfuta binti yake vumbi usoni kwa ncha ya kanga.

"Baba, mwambie!"

Mzee Luka alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anasuka kamba. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alichagua maneno hayohayo. "Ni ng'ombe wa zahanati, Mama Klara."

Kumbe hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Maana miaka saba nyuma, mdogo wake Klara, Hosiana, alipoolewa Geita, Mzee Luka alimficha ng'ombe mmoja wa mahari kwa jirani ili shemeji yake Masele, mjomba wa bibi harusi, asipate kumchagua. Alisema ng'ombe huyo ni wa shule. Ikaja kujulikana shule haina ng'ombe. Kwa mila, mjomba ana haki yake kwenye mahari, na Masele hakusahau.

"Safari ile wa shule," akasema Mama Klara taratibu, "safari hii wa zahanati. Luka, Mungu anakuona." Majirani walipokuja kumthibitishia kwamba ni kweli, kijiji kizima kilichangia, akawatazama kwa huruma. "Amewapa nini, huyu mzee? Pombe ya ulezi?"

Akaenda zake nyuma ya nyumba, akapanda juu ya kichuguu, yeye asiyepanda vichuguu, akampigia simu kaka yake.

Masele alikuwa msimamizi wa wapakiaji mizigo katika bandari kavu ya Isaka. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti iliyozoea kushindana na treni. Ijumaa saa sita mchana lori lake likasimama mbele ya nyumba ya Mzee Luka, na ndani yake mkashuka ndugu arobaini, masufuria manne, spika mbili na mzee mmoja aliyekuwa amelala na hakuambiwa wanakwenda wapi.

"Mwangaluka!" akanguruma Masele, ingawa asubuhi ilikuwa imepita. "Yuko wapi shemeji yangu mwenye shule na zahanati?"

"Mjomba, shikamoo," akasema Klara. "Nakuomba unisikilize. Sijaposwa."

"Marahaba, mwanangu. Na sauti ya kukataa unayo, mama yako amekufunza vizuri." Akamgeukia Mwita, ambaye alikuwa anamngoja mtu wa halmashauri, bado na suti kwa kuwa nguo nyingine alizisahau kwenye Fuso. "Na huyu ndiye? Mrefu. Unafanya kazi gani, bwana?"

"Nasaga mawe."

"Mawe ya dhahabu," akaongeza Mama Klara haraka, na wanawake wa Isaka wakapiga vigelegele.

"Mimi nimeleta dume tu," akasema Mwita.

"Dume tu! Sikieni mtu mnyenyekevu!"

Masele akaingia zizini. Akazunguka mara mbili, mikono nyuma, kama daktari wodini. Akawapita walio wanene, akasimama mbele ya jike mweupe mwenye mabaka meusi aliyetolewa na kitongoji cha mashariki. Jike huyo alikuwa na tumbo lililoshuka na macho ya mtu anayefikiria mambo yake. Masele alijua anachokifanya. Huyo alikuwa na mimba ya kukaribia kuzaa, na mtu akipewa haki ya ng'ombe mmoja, mwenye akili humchukua aliye wawili.

"Mabaka," akamwita papo hapo. "Kesho saa tatu tunaondoka wote, mimi na Mabaka."

Klara akapiga hesabu. Saa tatu! Bwana Eustace anafika saa nne. Wangebaki sita.

Akamfuata mwenyekiti. Bwana Deusdedit akaja na barua yenye mhuri. Masele akaisoma yote, akaikunja vizuri, akasema, "Hata ya shule ilikuwa na mhuri." Nesi Mariana akaja akaeleza habari za bajeti kwa nusu saa. Akakaribishwa pilau. Alipomaliza pilau alikuwa ameshaombwa kuwa msimamizi wa bibi harusi. "Na nimekubali," akamnong'oneza Klara, "maana wamesema kuna kitenge."

"Mariana!"

"Nilikuwa na njaa, dada."

Jioni Masele akachukua kamba, akajifunga ncha moja kwenye mkono wake wa kushoto na nyingine kwenye shingo ya Mabaka, akaketi kwenye kiti mlangoni mwa zizi. "Luka namjua." akasema. "Atakayemficha huyu atanificha na mimi."

Klara akaenda chumbani kwake, akapiga magoti. Alisali kama alivyozoea, bila haraka. Alimshukuru Mungu kwa afya ya mama, ya baba, na hata ya mjomba, ingawa hapo alipumzika kidogo katikati ya maneno. Kisha akafika kwenye jambo lenyewe.

"Baba," akasema, "nimewaambia ukweli tangu jana, na kila nikisema ukweli wanazidi kupika. Kusema uongo sitaki, Wewe umekataza. Sikuombi muujiza. Nipe sentensi. Sentensi moja tu, ambayo ni kweli na wataiamini."

Akanyamaza kungoja. Nje, spika ziliimba. Mabaka aliguna. Sentensi haikuja, kwa hiyo akalala.

Ilikuja alfajiri, alipokuwa anafagia uwanja. Aliusimamisha ufagio, akaigeuza ile sentensi mbele na nyuma akiikagua kama mtu anayekagua noti. Haikuwa na uongo popote. Akacheka peke yake mpaka jogoo akamtazama.

Saa mbili na nusu Masele alikuwa tayari amefungua nyuma ya lori, bado na kamba mkononi. Ndugu arobaini walikuwa wanakunja mikeka. Klara akasimama katikati ya uwanja akiwa amevaa fulana yake ya kazi. Akapiga makofi mara tatu.

"Wazazi wangu na ndugu zangu," akasema kwa sauti, "nasema mbele ya Mungu na mbele yenu. Huyu Bwana Mwita, simtaki."

Spika ikazimwa na mtu asiyejulikana.

"Sitaki kuposwa naye wala kuolewa naye. Leo simtaki, na jana sikumtaka. Ni mtu mwema, na bado simtaki."

Mama Klara akakaa chini alipokuwa. Mwanamke mmoja wa Isaka akaanza kulia kwa ajili ya kitenge.

Macho yote yakamgeukia Mwita. Alikuwa anakunywa uji. Akameza, akafikiri sana, maana alijua sasa kwamba kila analolisema katika mji huu linageuzwa. "Hata mimi," akasema, "simtaki. Nina mke Tarime. Nimesema nimeleta dume tu."

Kelele zikalipuka. Klara alisubiri zitulie. Hakuwa ameongeza neno hata moja lisilo la kweli, na moyo wake ulikuwa mwepesi kama ungo.

Hapo ndipo Mzee Luka alipoweka kamba yake chini akasimama. Watu wakamgeukia, kwa kuwa wengine walikuwa hawajawahi kumwona amesimama.

"Mmesikia," akasema. "Posa imevunjika. Mila ni nini, posa ikivunjika?"

Yule mzee aliyepakiwa akiwa usingizini, ambaye sasa alikuwa macho na alijua sheria zote, akajibu kwa sauti nyembamba: "Ng'ombe wanarudi. Wote. Na walio tumboni wanarudi pamoja na mama zao."

"Masele," akasema Mzee Luka.

"Mimi siwarudishi kwako!" Masele akabana kamba kifuani. "Utawaficha!"

"Hawarudi kwangu. Wanarudi walikotoka. Na wa Hosiana, yule wa shule. Nilimficha. Nilikosa. Nisamehe, shemeji."

Miaka saba Masele alikuwa ameisubiri sentensi hiyo, na sasa imekuja hajui pa kuiweka. "Nimekusamehe," akasema. "Lakini rudia kwa nguvu, wa kule kwenye mihogo hawakusikia."

Mzee Luka akarudia. Wa kwenye mihogo wakapiga makofi.

Masele akashika fundo la kamba mkononi ili alifungue. Fundo likakataa, maana alilikaza usiku kucha. Wakati anahangaika nalo kwa meno, Mabaka akatembea hatua nne, akalala chini kwa ubavu, na Masele naye akaenda hatua nne, akalala chini.

"Anazaa!" akapiga kelele Mwita. Akavua koti la suti, akakunja mikono ya shati.

"Nifungueni kwanza!"

"Hakuna muda, mjomba! Shika miguu hiyo!"

"Mimi ni wa bandari, sijui ng'ombe wanatokea wapi!"

"Unaona panapotoka? Ndipo hapo!"

Na hivyo ndivyo Bwana Eustace, mratibu wa UKIMWI, alivyowakuta saa nne kamili aliposhuka kwenye gari lake akiwa na faili chini ya kwapa: watu zaidi ya mia wamezunguka, na katikati mwanamume mnene amefungwa kwenye ng'ombe, anavuta miguu miwili yenye utelezi huku akimwomba Bikira Maria. Bwana Eustace alikuwa ameona mikutano mingi ya uhamasishaji katika utumishi wake, lakini huu hakuukuta kwenye mwongozo.

Ndama akatoka, mweusi kutoka mdomoni mpaka mkiani, akaanguka mapajani mwa Masele. Akapiga chafya. Masele naye akapiga chafya. Kisha akaanza kulia, mwanamume mzima, mbele ya wapakiaji wake.

Bwana Eustace akafungua faili. Akahesabu zizini, akaja akahesabu uwanjani, akarudi zizini. "Barua inasema saba," akasema kwa wasiwasi. "Mimi naona wanane."

"Akiba imeanza kuzaa, mheshimiwa," akasema Bwana Deusdedit, ambaye ni mwanasiasa. "Ndiyo maana ya kujitegemea."

"Lakini ndama ni wa mjomba!" Masele akafuta machozi kwa mkono usiofungwa. "Kazaliwa mkononi mwangu. Nyote mmeshuhudia."

Watu wakaguna. Yule mzee wa usingizi akasafisha koo ili ataje mila, lakini Klara akamtangulia. Akachuchumaa karibu na mjomba wake.

"Mjomba, ng'ombe hawa ni wa meza ya mnadani. Unaikumbuka sababu yake?"

"Wa mafuta ya pikipiki. Mmeniambia mara kumi."

"Ni wa Selestine," akasema Klara.

Hakuwahi kulisema mbele za watu. Masele akamtazama. Alikuwa amembeba Selestine mgongoni alipokuwa mdogo, na alilibeba jeneza lake kwenye bega hilohilo. Ndama akamlamba kidole. Mwisho akapumua.

"Basi abaki," akasema. "Lakini apewe jina langu. Mtu akija kununua maziwa aulize, huyu ni nani, mseme ni Masele."

"Ni jike, mjomba."

"Mseme tu."

Bwana Eustace akaandika wanane, akapiga mhuri juu ya boneti ya gari, na mpango ukaingia kwenye bajeti saa nne na dakika ishirini. Nesi Mariana akaruka juu, kisha akakumbuka kuwa mnada umeshaanza na wao bado wako nyumbani. "Lakini watu wako hapa," akasema akitazama ndugu arobaini wasio na harusi. Meza ikatandazwa kando ya ghala la mahindi, na shuka likatundikwa kuwa pazia.

"Ni lazima?" akauliza mmoja wa wapakiaji.

"Ni hiari," akasema Klara. "Hakuna anayelazimishwa, na jibu lako ni lako."

"Tumetoka Isaka kwa ajili ya sherehe," akasema mwanamke wa kitenge, "turudi mikono mitupu? Mimi napima." Akaketi wa kwanza, na nyuma yake foleni ikaota yenyewe, wakicheka na kusukumana kama watoto wa shule. Wengine walichukua kondomu, wengine wakauliza habari za dawa kinga kwa sauti ya chini, wakijibiwa kwa sauti ya chini.

Masele hakupanga foleni. Fundo lilikuwa limekatwa kwa panga, na alikuwa anasugua mkono wake, akizungukazunguka karibu na ghala kama mtu anayetafuta mbuzi. Klara alizijua hatua hizo. Hakumwita. Masele akapita mara moja, akapita mara mbili. Mara ya tatu akasimama.

"Klara," akanong'ona, na mnong'ono wake ulifika barabarani. "Isaka malori yanatoka nchi tano. Mimi sikuwa padri."

"Najua, mjomba."

"Miaka kumi na sita nakwepa meza kama hii. Hiyo sindano inauma?"

"Umezalisha ng'ombe asubuhi hii."

"Nilizalisha kwa bahati mbaya."

"Na hii ni tone moja la damu, kwenye kidole. Na jibu lolote litakalokuja, dawa ipo hapa mezani, na pikipiki ya kuileta ina mafuta mpaka ndama wako azeeke."

Masele akavua kofia. Akainama kupita chini ya shuka, na shuka likamfunika. Nesi Mariana akamsogezea kiti. Alichoambiwa huko ndani ni siri yake na ya Nesi Mariana. Alipotoka alikuwa anapuliza kidole kwa fahari kubwa, akaenda moja kwa moja kumwonyesha ndama.

Mwita alikuwa juu ya kichuguu, na simu sikioni. "Ndiyo, Mama Bhoke," alisikika akimwambia mkewe. "Nimeachwa. Hapana, sikuwa nimeoa. Nimeachwa tu, mbele ya watu. Suti? Suti imeharibika. Nitakueleza."

Jioni lori la Isaka lilipoondoka, Klara alikaa kwenye ngazi ya mlango, akamshukuru Mungu kwa sentensi. Mama yake akaja kukaa kando yake na sahani ya michembe, akatazama zizini kwa muda mrefu.

"Wanane," akasema Mama Klara. "Wa kwanza alileta saba, wakawa wanane palepale, na bado ukakataa." Akatikisa kichwa, na uso wake ulijaa heshima. "Mayu wane, mama yangu! Mwanangu una malezi, wewe. Huyo atakayekuja baada ya huyu sijui atuletee wangapi."